Ridhaa ya Marehemu Mpika Halwa

Hapo zamani, zama ambazo mtu akienda kuonana na Sultani huacha viatu vyake mlangoni na akitoka hurudi kwao pekupeku, alikuwako katika mji wa Chambwani mpika halwa mmoja, jina lake Mzee Ngwali. Halwa yake ilikuwa ya kutetemeka. Ukiigusa ncha hii, ncha ile inaitika. Watu walisema hata mgonjwa aliyekwisha kuagwa na jamaa zake, akisikia harufu ya sufuria ya Mzee Ngwali, huomba safari iahirishwe kidogo. Lakini mauti hayali halwa. Siku yake ilipowadia Mzee Ngwali akafa, akazikwa, watu wakala ubwabwa wa matanga, wakajifuta midomo, wakatawanyika. Nyuma yake akabaki mkewe, Bi Mize, na watoto wadogo ambao matumbo yao hayakupewa habari kwamba kuna msiba.

Mali aliacha. Aliacha nyumba, na shamba la minazi, na ghala la mchele na sukari, na mbuzi wa maziwa ambao mtu mmoja hawezi kuwakama peke yake asiumwe na vidole. Kwa mali hiyo mjane asingelala na njaa. Ila Chambwani kulikuwa na sheria ya Sultani Hamdani, nayo ni hii: mtu akifa, mali yake yote hutiwa muhuri siku hiyohiyo, asiguse mtu, mpaka mirathi iishe. Kwanza yatolewe ya mazishi. Kisha walipwe wanaomdai marehemu. Kisha utimizwe wasia, kama upo. Kisha ilizwe mbiu ya mgambo, ile pembe ya nyati, mji kwa mji, ili kila mrithi aliye mbali asikie aje. Ndipo Kadhi akae chini agawe mafungu.

Na sheria yenyewe haikuwa mbaya, tusiisingizie. Ilitungwa kwa sababu ya wajomba. Maana kabla yake, maiti alikuwa hajafika kaburini, wajomba wamekwisha kufika ghalani.

Lakini sheria njema ikikabidhiwa mtu mwenye kiu, hunywewa. Mtunza Mihuri wa Sultani alikuwa Mwinyi Kitete, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye sharubu pana mfano wa ufagio. Yeye kila asubuhi alikuja nyumbani kwa marehemu, akabandua muhuri wa zizi, akaingia, akafunga mlango kwa ndani, akakaa. Akitoka, sharubu zina povu jeupe.

Bi Mize akimwuliza kutoka dirishani, "Mwinyi Kitete, huko ndani unafanya nini?" humjibu kwa upole, "Nahakikisha mali ya marehemu ingali hai, Bibi." Kisha hubandika muhuri mpya, akaenda zake akicheua.

Bi Mize naye alikuwa ndani ya eda. Mjane wa eda hatoki, hajipambi, haendi barazani kulia shida zake mbele ya wanaume. Basi ikawa siku moja, majirani walipokwisha kuchoka kuleta sahani, akamwita ndugu yake wa tumbo moja, aitwaye Vuai.

Huyu Vuai mji mzima ulimhesabu mpumbavu. Kanzu yake ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa, hata ikasemwa kwamba haivai, huchungulia kutoka ndani yake. Akaingia, akaketi kizingitini.

"Vuai mdogo wangu."

"Labeka, dada."

"Umekula?"

"Dada, swali hilo huulizwa na mwenye chakula."

"Basi sikuulizi," akasema Bi Mize. "Sikiliza. Watoto hawa tangu jana wanalamba mwiko wa halwa, ule uliosahauliwa nje ya muhuri. Wameulamba hata mti umeanza kukonda. Mchele uko nyuma ya ukuta huo, nawasikia panya wakiula. Panya wa nyumba hii wananenepa, wanangu wanakonda! Mimi sitaki nipewe urithi kabla ya wakati wake. Nataka watoto wale, na wanachokula kihesabiwe katika fungu letu siku ya kugawa. Nenda ukaseme."

"Niseme mimi? Dada, mimi nikisema watu hucheka."

"Basi wacheke. Wakicheka watakuwa wamefungua mdomo. Wewe tia neno hapo hapo."

Vuai akaenda kwanza kwa Mwinyi Kitete, akamkuta amelala chali juu ya busati, tumbo likipanda na kushuka.

"Mwinyi, mirathi ya shemeji yangu itaisha lini?"

"Ikiisha, Vuai."

"Imefika wapi?"

"Imefika kwenye mbiu. Lazima mbiu ilie mji kwa mji, warithi wasikie."

"Na mbona haijalia?"

Mwinyi Kitete akavuta pumzi kama mtu mwenye majonzi. "Mpiga mbiu anaumwa na jino."

"Na huyo mpiga mbiu ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Jino lake litapona lini?"

"Jino, Vuai," akasema Mwinyi Kitete akifumba macho, "ni kazi ya Mungu."

Basi Vuai akaona kwamba mlango huo hauna kitasa. Akageuka, akashika njia ya jumba la Sultani.

Akamkuta Sultani Hamdani barazani, mawaziri kulia na kushoto, Kadhi Muhadhari na kilemba chake kizito mbele, na juu yao roshani yenye pazia la hariri. Nyuma ya pazia lile aliketi bibi arusi, Mwana Shali, ambaye Sultani alikuwa amemwoa juzi juzi tu, na kwa jinsi alivyompenda hakutaka hata hukumu za barazani zimpite. Vuai akavua viatu, kisha akafikiri, akavichukua mkononi.

"Nashika miguu, maulana."

"Ishike, ila usiondoke nayo," akasema Sultani, na mawaziri wakacheka, maana Sultani akitania kucheka ni wajibu. "Una nini leo, Vuai?"

Vuai akaeleza habari yote: dada yake, watoto, mwiko, panya na jino. Sultani akasikiliza, kisha akamtazama Mwinyi Kitete, aliyekwisha kufika mbio na kusimama kando, akijipangusa sharubu.

Mwinyi Kitete akainama. "Maulana, mimi nashika amri yako. Ulisema asiguse mtu. Leo tukimfungulia mjane debe la mchele, kesho watakuja wajomba na madebe yao."

Sultani akatikisa kichwa, akasema, "Ni kweli. Sikiliza wewe Vuai. Mali ya marehemu ni ya marehemu mpaka mirathi iishe. Atakaye kula kabla ya hapo, na apate ruhusa ya mwenyewe. Si ya Mwinyi Kitete, si yangu. Ya mwenyewe! Nenda kwa Mzee Ngwali, umwombe. Akiridhia, rudi uniambie, nami nitafungua hata zizi. Na usiporudi na ridhaa yake, basi usinisumbue tena kwa habari ya mirathi hii."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mwinyi Kitete alicheka hata akashikwa na kwikwi ya maziwa. Lakini Vuai hakucheka. Akainama akauliza kwa unyenyekevu:

"Maulana, ridhaa hiyo niiombe kwa utaratibu gani?"

"Kwa utaratibu wa sheria!" akasema Sultani akijifuta machozi. "Ukiwa na mashahidi wawili waadilifu, kama ridhaa zote zinavyoombwa katika mji huu."

"Nimesikia, nimetii," akasema Vuai, akatoka na viatu vyake.

Hapo Chambwani mashahidi waadilifu walikuwa wawili tu, na kila jambo la Kadhi lilipita kwao: mwadhini wa msikiti mkuu, na kinyozi wa jumba la Sultani. Vuai akawapata wote wawili chini ya ukuta wa msikiti, mmoja akimnyoa mwenziwe.

"Waungwana, naombeni ushahidi wenu. Sultani kanituma."

"Ushahidi wa nini?"

"Wa ridhaa."

"Alaa! Kuna arusi?" akasema kinyozi, akakunja wembe upesi, maana arusi ina pilau.

"Mwenyewe yupo," akasema Vuai, "ila ni mtulivu mno. Nifundisheni kwanza, mimi si msomi. Huulizwaje mtu kama ameridhia?"

Mwadhini akajikohoza, akatoa kifua. "Huwa hivi. Tunasimama penye mlango wa mwali, sisi wawili na Kadhi. Mwali yu ndani, hatumwoni. Kadhi anamwita jina lake, anamwuliza: umeridhia kuolewa na fulani? Anamwuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu."

"Naye hujibu nini?"

"Hajibu! Mwali mwenye adabu hajibu. Hunyamaza. Na akinyamaza, sisi tunashuhudia kwamba ameridhia. Hata juzi, kwa bibi arusi wa Sultani, ndivyo ilivyokuwa. Kimya kama cha mtungi. Tukatoka tukasema, ameridhia, na ngoma zikalia."

"Na kama hataki?"

"Ah, asiyetaka atasema. Atapiga kelele, atarusha kiatu. Kinyozi huyu kovu hili la kipajini alilipata kwa mwali asiyeridhia."

"Ahsanteni, nimefahamu," akasema Vuai. "Twendeni."

Akatangulia, wakamfuata, wakikisia ni nyumba ya nani. Wakapita mtaa wa wahunzi, wakapita kisima, na walipofika makaburini kinyozi akasimama.

"Vuai, huku hakuna arusi."

"Sikusema arusi, wewe ndiye uliyesema. Mimi nilisema ridhaa. Simameni hapo, penye mlango wa mwenyewe."

Basi wakasimama mbele ya kaburi la Mzee Ngwali, kinyozi akiwa nusu uso wa mwadhini kaunyoa na nusu kauacha. Vuai akatoa salamu, akapiga magoti, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mzee Ngwali, shemeji yangu! Umeridhia mkeo na wanao wale katika mali yako wakati mirathi inangojwa, na wakilacho kihesabiwe katika mafungu yao?"

Kimya. Upepo tu katika majani. Akauliza mara ya pili, kimya. Akauliza mara ya tatu, kimya kilekile. Kisha akamwuliza mambo mengine mawili, kila moja mara tatu, na marehemu hakurusha hata kijiwe. Vuai akasimama, akapangusa magoti, akawaambia mashahidi, "Mmeona wenyewe?" Wakasema, "Tumeona." "Amesema neno?" "Hakusema." "Basi twendeni kabla hajabadili rai."

Baraza ilikuwa bado haijavunjika walipoingia. Sultani alipomwona Vuai akapiga kofi kwa furaha.

"Ehee! Umemwona Mzee Ngwali?"

"Nimefika mlangoni kwake, maulana."

"Hajambo?"

"Ametulia sana. Nimemwomba ridhaa kwa utaratibu, na mashahidi wako hawa hapa. Ameridhia."

Baraza ikavuma. Sultani akageukia mashahidi. "Enyi! Maiti amesema?"

Mwadhini akajibu. "Hakusema, maulana. Ameulizwa mambo matatu, kila moja mara tatu, akanyamaza."

Mwinyi Kitete akaruka mbele, upole wote umemtoka. "Akanyamaza! Mwasikia upumbavu huu? Kimya ndiyo ridhaa? Tangu lini kimya kikawa jibu? Mtu asiyesema hakusema! Kimya si kitu, maulana, si ndiyo, si siyo, ni upepo mtupu! Anayeshika kimya kuwa ridhaa ni mwizi!"

Akatazama huku na huku akingoja watu wamwitikie. Hakuitika mtu. Mawaziri walikuwa wakitazama dari. Kadhi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Kinyozi alitazama mlango ulipo. Hapo juu, nyuma ya pazia la hariri, mtu akakohoa kikohozi kimoja chembamba.

"Bwana wangu," ikasema sauti ya Mwana Shali.

Sultani akakauka. "Naam, bibi."

"Nimesikia kwamba kimya si kitu. Mimi siku ile nilipoulizwa, nilinyamaza."

"Naam, bibi. Ulinyamaza vizuri sana."

"Basi kama kimya si kitu, mimi nami sikusema kitu, na hapa nimekaa kwa watu bure. Naomba wapagazi. Makasha yangu mengine bado hata kufunguliwa hayajafunguliwa, hawatapata taabu."

Kama ungalikuwako ungaliona rangi ya Sultani inavyopanda na kushuka. Alimtazama Mwinyi Kitete kwa jicho ambalo Mwinyi Kitete hakuwahi kutazamwa nalo, hata sharubu zikalegea. Kisha akamgeukia Kadhi, akanong'ona kwa sauti iliyosikika baraza nzima, "Kadhi, niokoe!"

Kadhi Muhadhari akarekebisha kilemba chake. "Maulana, jambo ni jepesi. Kimya cha mwali ni haya, na haya ni ridhaa. Kimya cha maiti ni mauti. Maiti hana ulimi, kwa hiyo kimya chake hakihesabiwi."

Sultani akashusha pumzi. Mwinyi Kitete naye akashusha pumzi. Lakini Vuai akasogea, akainama mbele ya Kadhi.

"Shehe, mimi ni mpumbavu wa mji, nifahamishe polepole. Maiti hana ulimi?"

"Hana."

"Kwa hiyo hawezi kuridhia?"

"Hawezi."

"Na kukataza je, anaweza?"

Kadhi akakishika kilemba chake tena. "Hawezi," akasema mwisho.

"Basi ni nani anayewakataza watoto wa Ngwali wasile? Maulana amesema mwenye mali ni marehemu. Kadhi amesema marehemu hakatazi. Mwinyi Kitete si mwenye mali, ingawa maziwa hayajapata habari hiyo. Kama maiti ana jibu, ameridhia, na mashahidi ni hawa waliomwoza maulana. Kama maiti hana jibu, mbona nilitumwa kwake? Chagueni mnalolitaka, waungwana. Mimi kwa lolote nitapita nyumbani niwaambie watoto wakoke moto, chakula kinakuja."

Ikawa kimya barazani, na safari hii kila mtu alikiogopa kimya kile. Ndipo Sultani akaanza kutikisika mabega. Akajizuia, akashindwa, akacheka hata akaegemea ubavuni, na mawaziri wakacheka, na juu kule pazia likatikisika.

"Mimi," akasema Sultani alipopata pumzi, "nachagua kwamba kimya ni ridhaa. Nachagua hivyo leo, kesho na daima, na wapagazi wasiitwe! Bibi, umesikia?"

Juu kukawa kimya.

"Ahsante, bibi," akasema Sultani upesi. "Vuai! Dada yako na wanawe watakula katika mali yao tangu leo, kwa kiasi, na Kadhi ataandika, ikatwe kwenye mafungu yao mirathi ikiisha. Na iwe hivyo kwa kila mjane na yatima wa nchi hii. Sasa niambie. Mashahidi wanasema ulimwuliza Mzee Ngwali mambo matatu. Mengine mawili ni yapi?"

"La pili, maulana, nilimwuliza: umeridhia Mwinyi Kitete aliyekunywa maziwa ya watoto wako ayarudishe, kwa mbuzi wake mwenyewe?"

"Naye?"

"Kimya, maulana. Mara zote tatu."

"Ameridhia!" akasema Sultani. "La tatu?"

"Nilimwuliza: kwa kuwa mpiga mbiu anaumwa na jino, umeridhia mbiu yako ipigwe na mkwewe, Mwinyi Kitete, mji kwa mji, kwa pumzi yake mwenyewe, mpaka warithi wote wapatikane?"

Kinyozi hakungoja kuulizwa. "Kimya kama cha mtungi, maulana!"

Basi pembe ya nyati ikaletwa, ikatiwa mkononi mwa Mwinyi Kitete, naye akatolewa nje. Akavimbisha mashavu, macho yakamtoka, sharubu zikasimama, ikatoka sauti kama ya ng'ombe aliyekwama matopeni. Watu wakatoka majumbani kuangalia. Nasikia kabla hajafika mtaa wa pili, mkwewe alimfuata mbio, anasema jino limepona. Lakini hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Mirathi ambayo ilikuwa haina mwisho ikapata mwisho mwezi uleule, maana hakuna mtu afanyaye haraka kama mtu aliyeshika pembe ya nyati kwa midomo.

Siku ile, Vuai alipokuwa akiinama kuaga, Sultani akamzuia.

"Ngoja. Umemwombea dada yako, umewaombea watoto, umemwombea hata Mwinyi Kitete kazi. Nafsi yako hukuiombea kitu kule kaburini?"

"Niliogopa, maulana. Marehemu alinifahamu sana. Kwa hilo angefufuka akatae."

Sultani akacheka tena, kisha uso wake ukakaa sawa. "Mimi sasa sina Mtunza Mihuri. Nataka mtu ambaye akipewa funguo za mjane hatakunywa maziwa yake. Vuai, nakuuliza mbele ya mashahidi hawa wawili: umeridhia kuwa Mtunza Mihuri wangu? Nakuuliza mara ya kwanza..."

Vuai akaona mwadhini amesogea kushoto kwake, na kinyozi kulia, wote wawili wamezuia pumzi wasikilize. Akavirukia viatu vyake.

"Sitaki!" akapiga kelele. "Sitaki, maulana! Sitaki mara ya kwanza, sitaki ya pili, sitaki ya tatu! Mashahidi, andikeni kwamba nimesema! Nimepayuka!" Na kiatu kimoja akamrushia kinyozi, ili isije ikasemwa baadaye kwamba adabu ilimzidi.

Akatoka mbio hata nyumbani kwa dada yake. Akakuta muhuri wa ghala umekwisha kubanduliwa, mchele uko motoni, watoto wamelizunguka jiko, na Bi Mize ameketi kizingitini na ushungi wake wa eda.

"Vuai," akasema, "umekula?"

Vuai akatazama chungu, akatazama watoto, akakaa chini pamoja nao wala hasemi neno. Bi Mize akampakulia.

Basi hekaya imetua hapo. Aliyeipenda na aichukue akawapelekee wa kwao. Na asiyeipenda aseme sasa hivi kwa sauti, maana akinyamaza tutaandika kwamba ameridhia.